William Harvey: Tabibu Aliyeuhesabu Mpigo wa Moyo

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili aghalabu hukutana na moyo na damu katika mashairi na semi kabla hajakutana navyo katika somo la biolojia. Katika lugha yetu moyo hupenda na kuchukia, hupasuka kwa uchungu na kutulia kwa faraja. Nayo damu ndiyo inayomfunga mtu na jamaa zake hata wakiwa wametenganishwa na bahari. Si ajabu, basi, msomaji wa jarida kama hili akadhani kwamba habari za moyo wa nyama, ule unaodunda kifuani usiku na mchana, ni za watu wa idara nyingine. Makala haya yanakusudia kuuvuka mpaka huo. Yanasimulia maisha ya William Harvey, tabibu Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1578 na kufariki mwaka wa 1657, ambaye ndiye aliyethibitisha kwamba damu huzunguka mwilini.

Jambo hilo leo hulijua hata mtoto wa shule ya msingi. Hata hivyo, kwa muda wa karne kumi na nne hivi wasomi waliamini vingine, na walioamini hivyo hawakuwa wajinga. Walikuwa na mwalimu mkubwa, walimheshimu, na wakairithisha heshima hiyo kizazi baada ya kizazi hadi ikawa vigumu kwao kukiona kilichokuwa mbele ya macho yao. Kwa sababu hiyo maisha ya Harvey yanatuhusu sisi tulio vyuoni, tunaofundisha na tunaofundishwa. Yanatuuliza mwanafunzi afanye nini anapogundua kwamba aliyofundishwa na wakubwa wake hayalingani na anayoyaona.

Fundisho la Galen

Mwalimu huyo mkubwa alikuwa Galen, Mgiriki aliyezaliwa mwaka wa 129 B.K. katika mji wa Pergamon, ulio katika nchi ya Uturuki ya sasa. Aliwahi kuwatibu wapiganaji wa viwanja vya michezo, kisha akawa tabibu wa makaisari wa Roma. Kwa kuwa katika zama zake haikuruhusiwa kuipasua maiti ya binadamu, alijifunza kwa kuwapasua tumbili, nguruwe na wanyama wengine. Alikuwa mtafiti hodari. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba mishipa ya ateri hubeba damu, ilhali wengi kabla yake walidhani kwamba hubeba hewa.

Kuhusu safari ya damu, Galen alifundisha kwamba chakula kikishasagwa tumboni hupelekwa kwenye ini, na ini hukigeuza kuwa damu. Damu hiyo hutoka kwenye ini kupitia mishipa ya vena na kwenda kuulisha mwili. Ikifika viungoni hutumika yote ikaisha, mfano wa maji yanayofyonzwa na shamba. Sehemu yake ndogo huingia upande wa kulia wa moyo, hupenya ukuta wa kati kupitia vitundu visivyoonekana, hufika upande wa kushoto na kuchanganyika na hewa itokayo mapafuni. Damu hii ya pili ndiyo hupita katika ateri ili kuupa mwili uhai. Kwa mujibu wa fundisho hili, damu haikuwa na marejeo. Ilitengenezwa kila siku na kutumika kila siku.

Si kwamba hapakuwa na sauti tofauti. Mnamo mwaka wa 1242, Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa karibu na Dameski na kufanya kazi mjini Kairo hadi alipofariki mwaka wa 1288, aliandika sharhi kuhusu maelezo ya viungo yaliyomo katika Kanuni ya Ibn Sina. Humo alikana kuwapo kwa vile vitundu. Alishikilia kwamba ukuta wa kati wa moyo ni mnene na haupitishi kitu, na kwamba damu ya upande wa kulia haina budi kupita mapafuni ili ifike kushoto. Sharhi hiyo ilisahauliwa kwa karne nyingi hadi mwaka wa 1924, tabibu Mmisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipobainisha umuhimu wake kutokana na mswada uliokuwa Berlin. Huko Ulaya nako, Mhispania Michael Servetus alilitaja wazo kama hilo katika kitabu cha dini kilichotoka mwaka wa 1553. Mwaka huohuo alichomwa moto mjini Geneva kwa sababu ya itikadi zake. Realdo Colombo naye alilieleza katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1559. Hivyo basi, njia ya mapafuni ilikuwa imekwisha kutajwa kabla Harvey hajazaliwa. Lililobaki ni swali la mwili mzima.

Malezi na masomo

Harvey alizaliwa tarehe 1 Aprili 1578 mjini Folkestone, kwenye pwani ya jimbo la Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Alikuwa kifungua mimba wa Thomas Harvey, mtu aliyejiweza na aliyewahi kuwa meya wa mji huo. Ndugu zake kadhaa waliingia katika biashara wakatajirika. Yeye alichagua vitabu. Alisoma katika shule ya King's mjini Canterbury, na mwaka wa 1593 akajiunga na Chuo cha Gonville and Caius, Cambridge, ambako alihitimu shahada ya kwanza mwaka wa 1597.

Kutoka hapo alifunga safari hadi Padua, nchini Italia. Chuo Kikuu cha Padua kilisifika kote Ulaya kwa utabibu, na wakati huo Galileo alikuwa akifundisha hisabati hapo. Mwalimu wa Harvey alikuwa Hieronymus Fabricius, mzee aliyeheshimika ambaye chini yake kulijengwa ukumbi maalumu wa kupasulia maiti. Ukumbi huo ulikuwa wa mbao, na wanafunzi walisimama safu juu ya safu wakiinamia meza iliyokuwa chini katikati.

Fabricius alikuwa amechunguza ndani ya mishipa ya vena na kukuta vali, yaani vilango vidogo vya ngozi laini, na mwaka wa 1603 alivichapishia kitabu chenye michoro mizuri. Ila alipofika kwenye kazi ya vilango hivyo, macho yake yalitii fundisho la kale. Alidhani kazi yake ni kuipunguza kasi damu inayoshuka kutoka kwenye ini, isije ikajaa miguuni na mikononi na kuvifanya viungo hivyo vivimbe. Harvey aliviona vilango hivyohivyo. Miaka mingi baadaye, akiwa mzee, alimweleza mwanasayansi Robert Boyle kwamba ni vilango hivyo vilivyomtia katika fikra. Vyote vilielekea moyoni. Mlango unaofunguka upande mmoja tu haupunguzi mwendo wa apitaye. Humruhusu wa upande mmoja na kumzuia wa upande wa pili. Kama damu ya vena ilitoka kwenye ini kuelekea viungoni, mbona milango yote imefungwa upande wa kuendea?

Hatusikii kwamba alimkabili mwalimu wake kwa swali hilo darasani. Alipata udaktari wake tarehe 25 Aprili 1602, akarejea London, na swali lake akarejea nalo.

Tabibu na mhadhiri

Mwaka wa 1604 Harvey alimwoa Elizabeth Browne, binti ya Lancelot Browne aliyekuwa tabibu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Hawakujaliwa watoto. Mkewe alikuwa na kasuku aliyempenda mno, na kwa muda mrefu wote walidhani ni dume kwa sababu ya uhodari wake wa kusema. Kasuku huyo alipokufa, Harvey alimpasua akamkuta na yai. Kisa hicho alikiandika yeye mwenyewe baadaye katika kitabu chake kuhusu uzazi. Tunapata picha ya mtu ambaye hata msiba wa nyumbani haukumzuia kuuliza na kutazama.

Mwaka wa 1607 alikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa Chuo cha Matabibu cha London, na mwaka wa 1609 akawa tabibu wa Hospitali ya Mtakatifu Bartholomew, iliyowahudumia maskini. Baadaye aliitwa kuwa miongoni mwa matabibu wa Mfalme James wa Kwanza, na mfalme huyo alipofariki mwaka wa 1625 aliendelea kumtumikia mwanawe, Charles wa Kwanza.

Mwaka wa 1615 chuo chake kilimteua kuwa mhadhiri wa anatomia, na mihadhara yake ya kwanza aliitoa mwezi wa Aprili 1616, mwezi uleule ambao William Shakespeare alifariki. Madokezo aliyoyaandika kwa ajili ya mihadhara hiyo yangalipo. Mwandiko wake ni mbaya kupindukia, na lugha yake itamfurahisha mwanaisimu yeyote: sentensi huanza kwa Kilatini, huingia Kiingereza katikati bila kubisha hodi, na kurudi tena katika Kilatini. Kuchanganya ndimi katika kumbi za mihadhara si jambo lililozuka jana.

Uchunguzi wake wa wanyama

Harvey hakutosheka na maiti. Maiti humwonyesha mtu umbo la moyo, lakini haimwonyeshi kazi yake, kwa maana moyo wa maiti umekwisha kusimama. Alilazimika kuutazama moyo ulio hai, na hapo alikutana na kizuizi: moyo wa mbwa au wa nguruwe hupiga haraka kiasi kwamba jicho halitambui lipi latangulia na lipi lafuatia. Yeye mwenyewe alikiri kwamba mwanzoni alikaribia kukata tamaa, akadhani kwamba mwendo wa moyo unajulikana na Mungu peke yake.

Suluhisho alilipata kwa wanyama ambao damu yao ni baridi. Aliwapasua vyura, nyoka, samaki, mikunga na konokono, ambao mioyo yao hupiga polepole. Kwa rafiki zake alionyesha uduvi wa Mto Thames ambao mwili wao hupenya nuru, hivi kwamba moyo huonekana ukidunda kana kwamba mtu anachungulia dirishani. Alivunja mayai ya kuku yaliyoatamiwa kwa siku chache akaona nukta nyekundu ikitokea na kutoweka, ikitokea na kutoweka. Ndio moyo wa kifaranga kabla kifaranga hakijawa na umbo. Hata mioyo ya mbwa na nguruwe waliokuwa wakikata roho ilimfaa, kwa sababu mapigo yake hupungua taratibu.

Jambo la kwanza alilolibaini ni kwamba kazi ya moyo ni kujikaza. Wengi walidhani moyo hufanya kazi unapotanuka, ukivuta damu ndani mfano wa mivuo ya mhunzi. Harvey aliona kwamba unapopiga hukakamaa, hupungua na kubadilika rangi, kama ngumi inapofumbwa, na kwamba wakati huohuo ateri hutuna. Alihitimisha kwamba mpigo tunaousikia kwenye kifundo cha mkono ni damu iliyosukumwa na moyo.

Kisha alimchukua nyoka aliye hai na kumfungua kifua. Alipoubana mshipa wa vena unaoingia moyoni, moyo uliishiwa na damu, ukasinyaa na kupauka. Alipouachilia huo na kuubana ule wa ateri unaotoka, moyo ulijaa, ukavimba na kuiva rangi ya zambarau. Njia ya kuingilia na njia ya kutokea zikawa zimejitaja zenyewe.

Hesabu na ukanda

Hoja iliyolivunja fundisho la Galen ilikuwa hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano angeiweza. Harvey alijiuliza: moyo hutoa damu kiasi gani kila unapopiga? Ili asionekane ametia chumvi, alichagua kwa makusudi kadirio dogo, nusu wakia tu. Mapigo nayo akayakadiria kuwa 1,000 kwa nusu saa, ilhali moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga zaidi ya mara 2,000 kwa muda huo. Hata kwa makadirio hayo ya kubania, moyo husukuma wakia 500 za damu kwa nusu saa, yaani zaidi ya kilo 14. Mtu hawezi kula chakula cha kutengeneza damu ya namna hiyo kwa nusu saa, wala hata kwa siku nzima. Tena wachinjaji walijua kwamba ng'ombe akikatwa koo damu yake yote humwagika kwa muda usiotimia robo saa, na haifiki kiwango hicho kwa kulinganisha na mwili wake. Basi damu hiyo hutoka wapi, na huenda wapi? Jibu lilikuwa moja tu: ni damu ileile inayorudi.

Leo twajua kwamba makadirio yake yalikuwa madogo mno. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma takriban lita 5 kwa dakika moja, na damu yote mwilini mwake ni takriban lita 5. Msomaji anapomaliza kusoma aya hii, huenda damu yake imekwisha kuzunguka mwili mzima.

Baada ya hesabu, Harvey alitoa ushahidi wa mkono. Matabibu wa siku hizo walikuwa na mazoea ya kuwatoa wagonjwa damu, na kabla ya kuukata mshipa waliufunga mkono kwa ukanda juu ya kiwiko. Harvey aliutazama ukanda huo kwa jicho jipya. Ukikazwa sana, mkono hupauka na kupoa, kwa kuwa ateri zilizo ndani zaidi zimebanwa na damu haishuki. Ukilegezwa kidogo, mkono hujaa damu, huwa mwekundu, na vena zilizo karibu na ngozi hutuna chini ya ukanda. Maana yake ni kwamba damu sasa yashuka kupitia ateri lakini haiwezi kupanda kupitia vena. Kama vena zingekuwa zinaileta damu kutoka juu, zingetuna juu ya ukanda badala ya chini yake.

Hivyo njia yote ikadhihirika. Damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita mapafuni, hurudi upande wa kushoto, husukumwa mwilini kupitia ateri, na kurejea upande wa kulia kupitia vena, huku vilango vikiizuia isirudi nyuma. Kulinganisha wanyama kulimsaidia kuiona mantiki ya viungo hivyo. Samaki hana mapafu, na moyo wake una chumba kimoja tu cha kupokelea na kimoja cha kusukumia: damu hutoka moyoni hadi kwenye matamvua, huenda mwilini moja kwa moja na kurudi. Chura ana vyumba viwili vya kupokelea na kimoja cha kusukumia. Ndege na wanyama wanyonyeshao, binadamu akiwa mmoja wao, wana vyumba vinne, viwili vya mapafu na viwili vya mwili, na damu zao mbili hazichanganyiki. Wadudu hawana mzunguko uliofungika. Damu yao humwagika katika uwazi wa mwili na kuviogesha viungo kabla ya kurudi moyoni.

Kitabu na upinzani

Harvey alingoja. Kwa zaidi ya miaka tisa aliyaonyesha majaribio yake mbele ya wenzake chuoni, akasikiliza pingamizi zao na kuzijibu. Hatimaye, mwaka wa 1628, kitabu chake kuhusu mwendo wa moyo na damu kilichapishwa kwa Kilatini mjini Frankfurt. Kilikuwa kitabu chembamba cha kurasa 72, chenye karatasi duni na makosa mengi ya chapa. Alikitabaruku kwa Mfalme Charles, akimfananisha mfalme katika dola na moyo katika mwili.

Alijua anajitia hatarini. Humo ndani alieleza kwamba hofu yake haikuwa husuda ya wachache tu, bali kwamba huenda wanadamu wote wakamgeuka, kwa jinsi mazoea na heshima kwa wakale vinavyowatawala watu. Hofu yake haikuwa bure. Mwandishi John Aubrey, aliyemjua, anaeleza kwamba baada ya kitabu kutoka wagonjwa walimpungua Harvey, kwa kuwa watu wa kawaida walimwona amerukwa na akili, na matabibu wakawa dhidi yake. Mwaka wa 1630 James Primrose aliandika kitabu kizima cha kumpinga. Jijini Paris, Jean Riolan, mwanaanatomia mwenye sifa kubwa, alimtetea Galen kwa miaka mingi. Mwaka wa 1636, Harvey alipokuwa safarini Ujerumani, alimfanyia maonyesho Caspar Hofmann, mmoja wa wapinzani wake; mzee yule akatazama, asishawishike. Waliomkubali nao walikuwapo. Mwanafalsafa René Descartes aliuunga mkono mzunguko wa damu katika kitabu chake cha mwaka wa 1637, ingawa alitofautiana naye kuhusu namna moyo unavyofanya kazi.

Harvey hakuwajibu wapinzani wake kwa matusi. Ilipita miaka 21 kabla hajamjibu Riolan kwa maandishi mwaka wa 1649, na hata hapo alimtaja kwa heshima. Aidha, alidumu kumheshimu Galen na kumpenda Aristotle hadi mwisho. Alichokikataa ni kuipa heshima hiyo nafasi ya ushahidi.

Macho yaleyale aliyatumia nje ya utabibu. Mwaka wa 1634, wanawake wa jimbo la Lancashire walituhumiwa uchawi na kuhukumiwa. Baadhi yao walipelekwa London, na mfalme akaagiza Harvey asimamie wapasuaji na wakunga katika kuwachunguza kama miili yao ina alama za shetani, kama ilivyoaminiwa. Taarifa iliyotolewa ilisema kwamba hapakuonekana jambo lolote lisilo la kimaumbile kwa wanawake hao, ila alama ndogo kwa mmoja wao ambazo nazo zilielezeka. Hapo maisha ya watu yalitegemea mtu kusema alichokiona badala ya kile ambacho wengi walitaka kionekane.

Vita na hasara

Mwaka wa 1642 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka kati ya mfalme na bunge, na Harvey akafuatana na bwana wake. Inasimuliwa na Aubrey kwamba siku ya mapigano ya Edgehill, mwezi wa Oktoba mwaka huo, alikabidhiwa wana wawili wa mfalme awatunze. Akaketi nao chini ya ua wa miti, akatoa kitabu mfukoni na kusoma, hadi risasi ya mzinga ilipotua karibu nao ikawalazimu kuhama.

Msiba wake mkubwa ulitokea London. Wafuasi wa bunge waliyavamia makazi yake katika jumba la kifalme la Whitehall, wakapora vitu na kuyatawanya maandishi yake. Humo mlikuwa na matokeo ya uchunguzi wa miaka mingi, hasa kuhusu uzazi wa wadudu. Kazi hiyo haikupatikana tena. Harvey aliishi miaka 15 baada ya hapo, na hasara hiyo aliiona kuwa chungu kuliko zote zilizompata. Mali aliweza kuisamehe; uchunguzi haukuwa na nakala.

Mjini Oxford, ambako mfalme alikuwa amefanya makao, Harvey aliendelea kuyavunja mayai ya kuku siku baada ya siku akitazama vifaranga vinavyoumbika. Mwaka wa 1645 aliteuliwa kuwa mkuu wa Chuo cha Merton, lakini mwaka uliofuata mji ukasalimu amri, naye akapoteza cheo. Mfalme alikatwa kichwa mwezi wa Januari 1649. Yule aliyefananishwa na moyo wa dola alikuwa ameondoka, na dola ikaendelea kuishi bila yeye kwa miaka 11. Harvey, mjane na mgonjwa wa jongo, alihamia kwa ndugu zake waliokuwa wafanyabiashara.

Rafiki yake George Ent alimwendea na kumsihi atoe maandishi yaliyobaki kuhusu uzazi wa wanyama, na kitabu hicho kikachapishwa mwaka wa 1651. Mwaka wa 1654 Chuo cha Matabibu kilimchagua kuwa rais wake, akaomba asamehewe kwa ajili ya uzee. Alikuwa amekijengea chuo maktaba. Nayo iliteketea katika moto mkubwa wa London wa mwaka wa 1666. Kilichodumu zaidi ni shamba alilolitoa wakfu mwaka wa 1656, ili mapato yake yagharimie hotuba ya kila mwaka ya kuwahimiza matabibu wachunguze maumbile na wapendane. Hotuba hiyo hutolewa hadi leo.

Tarehe 3 Juni 1657 Harvey aliamka akakuta hawezi kusema. Ulikuwa ni ugonjwa wa kiharusi, na jioni haikupita kabla hajafariki, akiwa na umri wa miaka 79. Alizikwa Hempstead, katika jimbo la Essex.

Hitimisho

Si haki kumsifu marehemu kupita kiasi. Harvey hakujua damu hupitaje kutoka ateri hadi vena. Alisema tu kwamba lazima iwepo njia ndani ya nyama. Njia hiyo, yaani mishipa myembamba mno iitwayo kapilari, ilionwa na Mwitalia Marcello Malpighi mwaka wa 1661 alipoyatazama mapafu ya chura kwa hadubini, miaka minne baada ya kifo cha Harvey. Wala hakujua damu huzunguka kwa ajili gani. Oksijeni iligunduliwa karne ya 18. Zaidi ya hayo, yeye aliyethibitisha kwamba damu ni ileile inayorudi aliendelea kuwatoa wagonjwa wake damu, kama wenzake wote. Mtu anaweza kuling'oa kosa moja la kale na bado akaishi ndani ya jingine.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili kuna jambo moja zaidi. Harvey aliandika kwa Kilatini kwa sababu wasomi wa Ulaya walidhani elimu nzito haibebeki kwa lugha za majumbani. Kitabu chake kilipata tafsiri ya Kiingereza mwaka wa 1653, akiwa angali hai. Leo hakuna anayeshuku kama Kiingereza kinaweza kuieleza damu. Shaka hiyo imehamishiwa kwenye lugha yetu. Lakini moyo, mshipa, damu, pafu na mzunguko tunavyo tangu jadi, nazo ateri, vena na vali ni wageni waliokwisha kuingia katika ngeli na kufuata upatanisho wa nyumbani. Kinachosalia ni sisi kuandika.

Na msomaji asiyekubali kuamini kwa kuambiwa tu, basi afanye kama alivyofanya Harvey. Akunje ngumi hadi mshipa utokeze mkononi, aubane kwa kidole kimoja, kisha kwa kidole cha pili aikokote damu kuelekea juu hadi aipitishe mahali palipotuna kama fundo. Akikiinua kidole cha pili, atauona mshipa ulio chini ya fundo umebaki mtupu, kwa kuwa mlango umefungwa na damu haishuki. Akikiachilia cha kwanza, utajaa papo hapo, kutoka chini.